Kutazama ndege Duluti na Momela: mwongozo kwa anayeanza

Mara ya kwanza nilipomwambia bodaboda wa Tengeru, karibu na Arusha, kwamba nimekuja kutazama ndege, alinihurumia. Alidhani nimeshuka kituo siyo, maana KIA, uwanja wa ndege, iko mbele huko, nirudi barabarani nipande kifodi kingine. Ikabidi nimwoneshe darubini na kumweleza kwamba ni ndege hawa, si ndege zile. Alicheka mpaka akazima pikipiki. Kisha akaniuliza, "Sasa kaka, ndege mbona hata kwenu wapo?"

Nilimwona hajui anachosema. Leo naona ndiye aliyenipa somo la kwanza, kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo: kwenu.

Wiki ya kwanza usiende popote

Kabla hujalipa kiingilio chochote, kaa nje ya nyumba na kikombe cha chai kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, siku tano au sita mfululizo. Kama unakaa Arusha au Moshi, hukosi ndege. Kwarara atapita juu akipiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Shore atakuwa kwenye mti wa jirani, kahawia, kichwa cheusi, chini ya mkia njano. Kuzumburu watapanda kwenye mpapai kama panya wenye mikia mirefu. Chozi atanyonya maua, kunguru mwenye kola nyeupe atakagua jalala, na penye miti mikubwa hondohondo atapiga mbawa zenye mvumo unaousikia kabla hujamwona mwenyewe.

Wajue hao sita tu, lakini wajue kweli: ukubwa wao, wanavyokaa, wanavyoruka, wanavyolia. Hao ndio watakuwa rula yako. Ukifika msituni ukaona ndege mgeni, utaweza kusema "mkubwa kuliko chozi, mdogo kuliko shore, mdomo mnene". Hapo umeshatupa nje robo tatu ya ndege wote wanaowezekana. Asiye na rula husema tu "kandege kadogo ka kahawia", na hakuna kitabu kitakachomsaidia.

Jizoeze kumsoma ndege kwa mpangilio huu: kwanza umbo na ukubwa, kisha mdomo, kisha anafanya nini na yuko wapi (chini, kwenye shina, kileleni, juu ya maji), kisha sauti. Rangi iwe ya mwisho. Najua inakwenda kinyume na macho, kwa sababu rangi ndiyo inayotuvuta. Lakini rangi inadanganya: ndege aliye dhidi ya mwanga huwa mweusi hata kama ni kijani, kinda hafanani na mzazi, na dume la kwera lenye njano kali wakati wa kuzaliana linaweza kukuonekea ndege mwingine kabisa msimu ukipita. Mdomo haudanganyi. Mdomo mrefu uliopinda wa chozi ni wa kunyonya maua, mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu, na ulio kama mkuki ni wa samaki.

Kuhusu majina usijitese. Kiswahili kina majina mazuri ya ndege lakini jina moja mara nyingi hubeba aina nyingi: chozi wapo wa kila namna, na ndege huyohuyo mmoja ataitwa kwera huku, mnana kule. Andika jina unalolijua, ongeza maelezo. Na ukikutana na mzee wa Kimeru au wa Kimaasai aliyechunga mifugo utotoni, muulize. Shikamoo kwanza, haraka baadaye.

Darubini

Hiki ndicho kifaa pekee unachokihitaji kweli, na ndicho watu wanachokosea zaidi. Darubini huandikwa namba mbili, mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Anayeanza hukimbilia namba kubwa ya kwanza akidhani ndiyo ubora. Sivyo. Kadiri unavyokuza, ndivyo mtetemeko wa mkono wako unavyokuzwa pamoja na ndege, na eneo unaloliona linakuwa finyu. 8 inatosha sana. Namba ya pili ndiyo inayoleta mwanga, na msituni asubuhi mwanga ni mali. Ukiona kitu sokoni kimeandikwa kinakuza mara 50 na kinatoshea mfukoni, kiache palepale.

Ukishaipata, hata ya kuazima, irekebishe hivi. Panua au bana mirija miwili mpaka uone duara moja badala ya mawili. Kama huvai miwani, vuta vikombe vya macho vitoke nje. Ukivaa, visukume ndani. Chagua kitu kisichotembea, kama maandishi ya bango la duka. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi ziwe kali. Sasa funika ya kushoto, tazama kwa jicho la kulia, na bila kugusa gurudumu la katikati zungusha pete ndogo iliyo kwenye kikombe cha kulia mpaka herufi zikae sawa. Kumbuka alama ya pete hiyo. Kuanzia hapo utatumia gurudumu la katikati tu. Nilitumia darubini miezi minne nikiumwa kichwa kwa sababu hakuna aliyenieleza hiyo pete ni ya nini.

Kumpata ndege ndani ya darubini nako ni ufundi. Ukimwona kwa macho, usiondoe macho kwake. Macho yabaki hapohapo, mikono ndiyo ilete darubini usoni. Wanaoshusha macho kuitafuta darubini kisha kuyainua tena huishia kutazama majani. Fanya mazoezi kwa kunguru, hana haraka.

Twende wapi, lini

Karibu na Arusha napendekeza sehemu mbili, kwa mpangilio: Ziwa Duluti kwanza, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yenye maziwa ya Momela, baadaye. Wanaotoka Moshi wasione mbali. Miji hii miwili imeachana kwa kilomita 80 hivi, na hifadhi iko katikati yake, ikiwa na Mlima Meru ndani yake.

Msimu ni hivi. Kuanzia Oktoba hadi Machi au Aprili huwa kuna ndege wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi ya kwao, hivyo kingo za maziwa hujaa vitwitwi na angani kuna mbayuwayu wengi. Mvua zikikolea, ndege wenyeji huzaliana, hivyo wana rangi zao bora na wanaimba, ila barabara za ndani huteleza na msitu una matope. Juni na Julai ni kavu lakini asubuhi kuna baridi na wingu zito chini ya Meru. Sweta si anasa. Mimi napenda Novemba mvua za vuli zinapoanza, lakini sijawahi kwenda mwezi wowote nikarudi mikono mitupu.

Saa ni muhimu kuliko mwezi. Kuanzia kupambazuka hadi saa tatu na nusu ndege wanakula na kuimba. Saa sita mchana msitu huwa kama umehamwa. Jioni kuanzia saa kumi wanarudi.

Duluti, kwa miguu

Panda kifodi cha Tengeru au Usa River, ushuke Tengeru, kilomita kama 14 kutoka mjini. Ziwa liko upande wa kulia ukitoka Arusha, unaweza kutembea au kuchukua bodaboda. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru. Ni nzuri kwa ndizi za kurudi nazo, mbaya kwa anayetaka kiti kwenye gari.

Duluti ni kreta ya volkano iliyojaa maji, ikazungukwa na kipande cha msitu wa asili kinachosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lipia getini, beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni havifanani na karani ana haki ya kukuuliza. Omba mwongozaji kama wapo. Anayezunguka ziwa hilo kila siku anajua mti uliozaa wiki hii, na mti uliozaa una thamani kuliko kilomita kumi za kutembea.

Usianze kutembea. Hili ndilo kosa la wote. Ukishuka ukingoni tafuta sehemu yenye kivuli, jua likiwa mgongoni, ukae dakika 20 ukizihesabu kwa saa. Msitu ulikusikia unakuja, sasa usubiri ukusahau. Dakika tano za kwanza utaona maji matupu. Kisha utaona kuwa kile kisiki kina shingo: ni mnandi, anajitanda mbawa zikauke, kwa sababu manyoya yake hulowa maji ili aweze kuzama kirahisi. Kibisi atazuka katikati ya ziwa, azame, azuke kwingine. Mdiria mweusi kwa mweupe atasimama hewani palepale, kichwa hakitikisiki, mbawa zinakwenda kama feni, kisha atajitupa majini. Akipata samaki atampigapiga kwenye tawi kabla ya kummeza. Mtazame huyo mpaka mwisho, usiwe na pupa ya kwenda kwa mwingine.

Baada ya hapo ndipo utembee njia ya miguu inayozunguka ziwa. Hatua kumi, simama. Hatua kumi, simama. Sikiliza zaidi ya kutazama. Msituni ndege wengi utawasikia kabla ya kuwaona: dudumizi na sauti yake ya maji yanayomiminwa kwenye chupa (wazee husema anatabiri mvua), tiva wawili wanaojibizana kwa mpangilio mkamilifu hivi kwamba utadhani ni ndege mmoja. Ukiona kundi dogo la ndege wa aina tofauti wanakuja pamoja wakipekua majani, simama kabisa, usiwafuate. Watapita juu yako wenyewe.

Suruali ingiza ndani ya soksi. Siafu hawana habari kwamba wewe ni mpenzi wa viumbe. Upupu nao upo, usishike majani ovyo. Kenge anaweza kutoka kwenye majani makavu kwa kishindo kikubwa kuliko umbo lake. Mpe njia tu. Nguo ziwe za rangi ya udongo au kijani kilichofifia, nyeupe inaonekana toka ng'ambo ya ziwa. Lakini usivae madoadoa ya kijeshi hata kama yanauzwa mtumbani, sheria ya nchi hairuhusu raia kuyavaa. Chakula funga kwenye kontena, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Momela, kwa gari

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960, na ina aina za ndege takriban 400 kutoka msitu wa mvua hadi maji ya magadi. Kutoka barabara kuu, karibu na Usa River, unakunja kuelekea kaskazini, kilomita kama kumi hadi geti la Ngurdoto. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hufanyika kwa kadi au kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), si noti mkononi, kwa hiyo weka salio kwenye simu mapema na usisahau kitambulisho.

Gari ndiyo gharama kubwa. Jikusanyeni watu wanne au watano mgawane. Na hapa niongee na wewe kuhusu dereva, kwa sababu niliharibikiwa safari nzima. Tulikodi gari, dereva mtu mwema kabisa, lakini alikuwa amezoea wageni wanaotaka wanyama wakubwa. Alitupeleka toka twiga hadi twiga kwa mwendo wa kuwahi msiba. Kila niliposema "simama", gari lilisimama hatua hamsini mbele, injini inanguruma, na hondohondo ameshakwenda zake. Siku hizi nazungumza kabla ya kupanda: "Kaka, leo ni ndege tu. Tutakwenda taratibu, nikigonga bodi unasimama na kuzima injini. Tunaweza kukaa sehemu moja nusu saa, usione tabu." Wengi hufurahi, wengine huniona mgonjwa. Wote huelewa. Na mpe darubini naye atazame. Baada ya saa moja yeye ndiye atakayekuonesha.

Ukipita getini utakuta uwanda wa nyasi uitwao Serengeti Ndogo. Usikae sana, pitisha macho kwenye vilele vya miti kumtafuta shakivale, ndege mwindaji, kisha endelea kupanda kwenye ukingo wa kreta ya Ngurdoto wakati asubuhi bado changa. Wageni hawaruhusiwi kushuka ndani ya kreta, unatazama kutoka vituo vya juu. Hapa ndipo pa shorobo. Ni ndege wa kijani na samawati iliyokolea, anayekimbia juu ya matawi kama kindi, na akiwa amekaa utaona kivuli tu. Subiri aruke. Mbawa zikifunguka hutoka wekundu ambao hukuutarajia, na wekundu huo ni rangi halisi yenye madini ya shaba ndani yake, kitu kisichopatikana kwa ndege wengine. Nilimsubiri dakika 40 mara ya kwanza. Sekunde tatu alizoruka ndizo nilizozilipia kiingilio.

Mbega watakupigia kelele juu. Tazama, lakini kumbuka kilichokuleta.

Kisha teremka Momela. Upande wa mashariki wa Mlima Meru uliwahi kuporomoka, zamani za maelfu ya miaka, matope na mawe yakamwagika hadi mbali, na mabonde yaliyobaki yakakusanya maji. Ndiyo maziwa haya. Kila ziwa lina kiasi chake cha magadi, hivyo mwani wake, hivyo rangi yake, hivyo ndege wake. Kwa hiyo usitazame ziwa moja ukaondoka. Zunguka, linganisha. Asubuhi simama upande wa mashariki wa ziwa jua likiwa nyuma yako, ukikaa upande wa pili utaona vivuli vinaogelea.

Heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, huchuja chakula majini kwa kupindua kichwa chini juu. Wapo wa aina mbili na ni zoezi zuri la kwanza: mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea hata kuonekana mweusi, mkubwa ni mrefu zaidi, mweupe zaidi, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Siku nyingine wapo kwa mamia, siku nyingine hakuna hata mmoja, kwa sababu huhama usiku toka ziwa hadi ziwa kufuata chakula, na kuzaliana, yule mdogo huzaliana hasa Ziwa Natron. Asikuahidi mtu heroe. Wakikosekana, wapo bata wa aina kadhaa, vibisi, na kwarara, na hapo ndipo wiki ile ya chai nyumbani inapokulipa.

Usishuke kwenye gari ila sehemu zilizoruhusiwa. Hifadhi hii haijulikani kwa simba, na watu hulegea kwa sababu hiyo. Nyati wapo tele, na nyati haulizi. Ukitaka kutembea kwa miguu, lipia askari mwenye silaha. Inafaa sana, kwa kuwa unapata kusikia bila injini. Kwenye Momela Ndogo kuna pia mitumbwi. Ndege wa majini hawaogopi mtumbwi kama wanavyoogopa mtu aliyesimama, ila viboko nao wapo, basi msikilize mwongozaji.

Kuandika, na simu

Beba daftari dogo na penseli, kalamu ya wino hugoma ikilowa. Kila ndege andika mahali, saa, hali ya hewa, wangapi, walikuwa wakifanya nini. Chora hata vibaya. Mchoro wangu wa kwanza wa mdiria unafanana na nyundo, lakini ulinikumbusha ushungi aliokuwa nao kisogoni.

Programu ya simu ya kutambua ndege, Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni bure. Pakua furushi la ndege wa huku kwetu ukiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri. Itumie jioni kuhakikisha, si kama mganga. Ikikuambia ndege fulani, muulize daftari lako kama mdomo unakubali. Na usipige sauti za ndege kwa spika kuwaita. Dume anayesikia sauti ya dume mwingine huacha kulisha makinda aje kupigana na simu yako. Kiota ukikiona, tazama kwa mbali, ondoka.

Ukisikia wageni hotelini wanasema wamesafiri toka Uingereza kuja kuona ndege mdogo wa kahawia kwenye nyika kavu za barabara ya Namanga, usicheke. Ni kweli. Yuko huko kaskazini ya Meru na karibu hapatikani kwingine duniani. Huyo mwachie mwaka wa pili.

Ondoka Momela ukiwa na saa nzima na zaidi kabla geti halijafungwa, maana jioni ndipo utakapotaka kusimama kila kona. Kwa anayerudi Moshi kwa usafiri wa umma, dereva akushushe Usa River barabarani kabla giza halijaingia. Gari zenye nafasi hupungua, na wewe una matope hadi magotini na kitu shingoni ambacho kila abiria atataka kuazima.